Kizuri chajiuza? Namna ya kutangaza chapa mtandaoni kwa kuanza na kisa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kulipia tangazo la mtandaoni. Huku kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, tena vinaingia mnada uleule, na mpita njia hana muda wa kukigeuza kitu na kukikagua. Ila baada ya miaka kadhaa ya kuwaandikia watu matangazo, nimeona methali hiyo bado ina kazi. Inakulazimisha ujiulize, kabla hujalipa chochote, ni kipi hasa katika biashara yako kinachojiuza chenyewe. Hicho ndicho cha kutembeza.

Wengi huanzia mwisho. Wanafungua akaunti ya matangazo, wanapandisha picha, wanalipia chapisho lisambae, kisha ndipo wanakumbuka kuwa tovuti inachelewa kufunguka na hakuna anayejua oda zimetoka wapi. Mimi nakuomba ufuate mpangilio huu: kisa, ukurasa, vipimo, tangazo, halafu kuzima. Ndiyo, kuzima ni hatua kamili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mtu anayeshona mikoba ya ngozi na kuiuza kwa oda kupitia tovuti yake. Wewe weka huduma au bidhaa yako mahali pa mikoba.

Hatua ya kwanza: tafuta kisa, usikitunge

Hadithi hutungwa, kisa humpata mtu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayotenganisha chapa inayosikilizwa na ile inayojisifu. "Kampuni yetu ilianzishwa kwa shauku ya ubora" si kisa, kwa sababu hakuna aliyepatwa na lolote. Kisa kina mtu, kina tatizo lililomkuta, na kina mahali ambapo mambo yaligeuka.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walikuwa wakiuza matairi katika nchi ambayo magari yake yote yalikuwa bado ni maelfu machache. Badala ya kuchapisha sifa za tairi, waligawa bure kitabu kidogo cha kumsaidia dereva: ramani, maelekezo ya kubadili tairi, mahali pa kupata mafuta, fundi na malazi. Asiyesafiri hamalizi tairi, kwa hiyo walizungumzia safari. Mhusika mkuu alikuwa dereva, na tairi likabaki msaidizi wake. Chapa nyingi leo hukosea hapo hapo, zinataka ziwe shujaa na mteja awe mpiga makofi.

Sasa fanya kazi yenyewe. Kusanya ujumbe ishirini wa wateja: waliouliza kabla ya kununua, walioshukuru, waliolalamika, na hasa walioghairi. Fungua jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza, alikuwa na shida gani kabla ya kuja. Ya pili, nini kilimfanya asite. Ya tatu, alisema nini baada ya kupata alichonunua. Nakili maneno yao kama walivyoyaandika, pamoja na makosa ya tahajia. Usiyapige pasi. Siku utakayoandika tangazo utayahitaji yakiwa na makunyanzi yake.

Safu ya kati ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Mshonaji wetu wa mikoba aliamini kuwa watu wanavutiwa na rangi ya ngozi, na picha zake zote zilionyesha rangi. Alipojaza jedwali akakuta karibu kila mtu anauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: mkanda hautakatika? Mmoja aliandika kwamba mkoba wake wa zamani ulimkatikia akishuka kwenye basi, kompyuta ikaanguka chini, na tangu siku hiyo hubeba mkoba akiwa ameukumbatia kama mtoto. Hicho ni kisa. Kina mtu, kina basi, kina kompyuta iliyoanguka, na kina tabia mpya aliyoibeba kutoka siku ile. Hakuna mwandishi wa matangazo ambaye angekitunga akiwa mezani.

Mwombe ruhusa kwa maandishi kabla hujatumia maneno yake. Na usishawishike kumtengeneza mteja ambaye hayupo. Zana za akili mnemba zinaweza kukuandikia ushuhuda wa watu kumi kwa sekunde kumi, na kishawishi ni kikubwa. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku maoni ya wateja yaliyoghushiwa, yakiwemo yanayotengenezwa na akili mnemba. Hata mahali ambapo hakuna kanuni kama hiyo, ushuhuda wa kughushi una harufu: wateja wote wanaongea lugha moja, na hakuna hata mmoja anayelalamikia kitu kidogo.

Ukishapata kisa, kiandike kwa urefu wa aina tatu: sentensi moja, aya moja, na ukurasa mzima. Anza na ukurasa, kisha ukipunguze. Ukianza na sentensi utaishia kuandika kaulimbiu.

Hatua ya pili: jenga ukurasa mmoja wa mapokezi

Usimpeleke mtu aliyebofya tangazo kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Ni sawa na kumwita mgeni kwa jina, akafika, ukamwachia ukumbini ajitafutie mwenyewe nani alimwita. Tengeneza ukurasa mmoja wenye jambo moja. Kichwa chake kirudie maneno ya tangazo karibu vilevile, ili mgeni ajue hajapotea. Jibu la kile kinachomsitisha likae juu ya kitufe cha kuagiza, wala lisifichwe chini kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Kwa mshonaji wetu, picha ya kwanza ikawa mshono wa mkanda uliopigwa picha kwa karibu, na chini yake sentensi moja inayoeleza uzi unapita mara ngapi. Picha za rangi zikashuka chini, na hakuna aliyezililia.

Fomu iombe vitu unavyohitaji leo tu. Kila kisanduku cha ziada ni sababu nyingine ya mtu kuondoka.

Kisha kasi. Google ina vipimo vitatu vya ukurasa ambavyo hata asiye fundi anaweza kuvifuata: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5; mtu akigusa kitu, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200; na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, kipimo chake kisizidi 0.1. Bandika anwani yako kwenye PageSpeed Insights, ni bure, nayo itakuambia ulipokwama. Mara nyingi mkosaji ni picha. Zibadilishe ziwe WebP au AVIF, miundo ya picha iliyo myepesi, zipunguze zilingane na upana utakaotumika, na uandike upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Hilo la mwisho huponya ule mruko unaomfanya mtu abofye kitufe asichokikusudia.

Halafu fanya jambo ambalo linaonekana la kitoto: chukua simu ya kawaida, si ile mpya yako, zima Wi-Fi, na uagize bidhaa yako mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kuendesha tangazo la mtu kwa siku nne, mibofyo ikimiminika, oda sifuri. Siku ya tano nikafungua ukurasa kwa simu yangu na kukuta utepe wa kuomba ridhaa ya vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari cha mgeni, umefunika kitufe cha kutuma. Kwenye kompyuta ya ofisini kila kitu kilikuwa kinang'aa. Bajeti ilikuwa ya mteja. Aibu ilikuwa yangu.

Zana mbili za bure zinatosha kuanzia. Microsoft Clarity hurekodi jinsi wageni wanavyosogeza na kugusa ukurasa, na ina ramani za joto zinazoonyesha wanapogusa zaidi. Tazama rekodi kumi tu, utajifunza mengi kuliko kwa kusoma ripoti nzima. Google Search Console nayo hukuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kwenye utafutaji wakakupata. Maneno hayo yarudishe kwenye jedwali lako la hatua ya kwanza, kwa sababu hiyo nayo ni sauti ya mteja, tena akiongea bila kujua unamsikia.

Hatua ya tatu: weka vipimo kabla ya senti ya kwanza

Kila kiungo kitakachotoka kwenye tangazo kiwe na alama za kukitambulisha. Mtindo unaotumika kote unaitwa UTM, jina lililotokana na Urchin, programu ya takwimu za tovuti ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Unaongeza maneno matatu mwishoni mwa anwani: utm_source kwa mahali mgeni alikotoka, utm_medium kwa njia, na utm_campaign kwa jina la kampeni. Kwa mfano: ?utm_source=instagram&utm_medium=paid&utm_campaign=mkanda. Tumia herufi ndogo siku zote. Google Analytics huona Instagram yenye herufi kubwa na instagram yenye herufi ndogo kuwa vitu viwili, na mwisho wa mwezi utakuwa unajumlisha vipande. Jina la kampeni lipe la Kiswahili upendavyo, ila kwenye medium tumia neno ambalo mfumo unalitambua kuwa ni tangazo la kulipia, kama cpc (malipo kwa mbofyo) au paid (ya kulipia), la sivyo litatupwa kwenye fungu la visivyojulikana.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu vidakuzi, maana ndivyo vilivyobadilisha kazi hii. Lou Montulli alivibuni mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake. Baadaye kampuni za matangazo zikavigeuza kamba ya kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Safari, kivinjari cha Apple, ikavifungia kabisa vidakuzi hivyo vya watu wa nje Machi 2020, kivinjari cha Firefox kilikuwa kimeanza kuzuia vya ufuatiliaji mwaka 2019, na Aprili 2021 Apple ikaanza kulazimisha programu za iPhone ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu. Google nayo ilitangaza Januari 2020 kwamba itaviondoa kwenye kivinjari chake, Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo.

Maana yake kwako ni kwamba namba unazoonyeshwa na jukwaa la matangazo ni mchanganyiko wa kilichohesabiwa na kilichokadiriwa. Si uongo, lakini usiziapie. Majukwaa yenyewe yamejibu kwa kukuruhusu utume taarifa za oda kutoka kwenye seva yako badala ya kivinjari cha mteja; Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huiita Conversions API. Ukiwa na fundi, iweke. Barua pepe na namba za simu zinapaswa kufumbwa, yaani kugeuzwa herufi zisizosomeka, kabla ya kutumwa, na mteja awe ameridhia. Kama unauza kwa wakazi wa Umoja wa Ulaya, sheria yao ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inakuhusu hata ukiwa bara jingine.

Usipokuwa na fundi, kuna zana ya zamani ambayo bado naiamini. Kwenye fomu ya oda weka swali moja: ulitujuaje? Liache wazi, bila orodha ya kuchagua. Watu watakuandikia mambo ambayo hakuna pikseli, ule msimbo mdogo wa kufuatilia wageni, itakayoyanasa: "dada yangu alinitumia picha ya skrini", "niliona mtu kaubeba". Na anza mapema kukusanya orodha yako ya barua pepe, ya watu waliokubali wenyewe. Jukwaa likibadili kanuni kesho, orodha hiyo haiguswi.

Hatua ya nne: sasa tangaza

Bango la kwanza kubwa la tovuti lilitokea kwenye jarida la mtandaoni HotWired tarehe 27 Oktoba 1994. Lilikuwa la AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, lakini halikutaja simu wala huduma; liliuliza tu kama umewahi kubofya mahali hapo, likajibu kwamba utabofya. Watu walibofya kwa wingi ambao hakuna bango la leo linaloweza kuuota. Miaka minne tu baadaye watafiti Benway na Lane walikuwa tayari wameupa jina upofu wa mabango: macho ya msomaji yamejifunza kuruka chochote chenye umbo la tangazo. Ndiyo maana tangazo linalofanana na ujumbe wa mtu kwa rafiki yake mara nyingi hupita lile lililopambwa na mbunifu.

Elewa pia unachonunua. Si nafasi, ni tiketi ya kuingia mnada, na mnada hurudiwa kila ukurasa unapofunguka. Dau lako ni sehemu tu ya hesabu. Google hutazama pia uwezekano wa tangazo kubofywa, jinsi linavyolingana na alichotafuta mtu, na ubora wa ukurasa anaofikishwa. Mwenye dau dogo na ukurasa unaojibu swali anaweza kumpita mwenye fedha nyingi na ukurasa mbovu. Kwa hiyo kazi ya hatua ya pili inakulipa hapa.

Jambo jipya kweli la miaka hii ni kwamba kuchagua walengwa kumehamia kwa mashine. Google ilifungulia watangazaji wote Performance Max, kampeni inayojiendesha yenyewe, mwaka 2021, na Meta ina yake iitwayo Advantage+. Zamani tulikaa saa nzima tukichagua umri, mapendeleo na mienendo. Leo unaipa mashine lengo na matangazo kadhaa, nayo inatafuta watu. Wengine wanadhani kazi imekwisha. Imehama tu. Tangazo lenyewe ndilo linalochagua watu: ukifungua kwa sentensi ya mkanda uliokatika ndani ya basi, waliowahi kukatikiwa watasimama, wengine watapita, na mashine itajifunza kutokana na waliosimama.

Kwa hiyo andaa matangazo manne au matano yanayotofautiana kwa pembe ya kisa. Rangi ya kitufe si tofauti. Moja lianze na tukio la basi. Jingine lianze na mikono ya fundi akivuta mkanda kwa nguvu mbele ya kamera bila kusema neno. La tatu linukuu swali la mteja kama lilivyo. La nne limwonyeshe mtu aliyezoea kukumbatia mkoba, sasa ameuachia uning'inie. Video ziwe za wima, zianze na tukio lenyewe badala ya nembo, na ziwe na maandishi, kwa sababu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Bajeti ndogo usiikatekate. Meta inasema kundi la matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili litoke kwenye kipindi cha kujifunza. Ukiwa na makundi kumi yanayopata oda mbili mbili, hakuna linalojifunza chochote. Weka kundi moja, liache wiki nzima, na ushinde hamu ya kulirekebisha kila asubuhi. Mabadiliko makubwa huirudisha mashine darasani.

Kabla ya kuwasha, pitia Maktaba ya Matangazo ya Meta na Ads Transparency Center ya Google. Zote ziko wazi kwa yeyote, na zinaonyesha matangazo ya washindani wako. Tangazo ambalo limeendeshwa miezi mingi bila kuzimwa huenda linalipa. Liangalie ujue wamechagua kisa gani, kisha uchague kingine.

Akili mnemba itumie hapa, baada ya kuwa na maneno ya kweli. Ipe jedwali lako na uiambie ikupunguzie aya iwe sentensi, au ikupe njia kumi za kufungua kisa kilekile, au ijifanye mteja mgumu na ikupinge. Kisha ufute vivumishi. Chombo hicho kina uchu wa sifa. Na soma kwa sauti. Kiswahili kilichotafsiriwa kichwani kinajulikana mara mdomo unapokitamka.

Hatua ya tano: zima

Wachumi watatu, Blake, Nosko na Tadelis, walichapisha mwaka 2015 majaribio waliyoyafanya na eBay. Kampuni ilisimamisha matangazo ya utafutaji yaliyotokea mtu alipoandika jina la eBay lenyewe. Karibu wageni wote walifika vilevile, kwa kubofya matokeo ya bure yaliyokuwa chini ya tangazo. Walipojaribu na maneno mengine, wakaona matangazo yaliwasaidia kidogo watu wapya na walionunua kwa nadra, ila wateja wa kila siku hayakuwabadilisha. Kwenye ripoti za kawaida, matangazo yote hayo yangeonekana yanaleta faida.

Mtu mwenye biashara ndogo anaweza kufanya jaribio la aina hiyo bila kuajiri mchumi. Kama unauza maeneo mengi, gawanya maeneo mafungu mawili yanayofanana, zima tangazo kwenye fungu moja kwa wiki mbili au tatu, kisha linganisha oda zote zilizoingia, si zile ambazo jukwaa linajidai nazo. Kama unauza eneo moja, zima kwa wiki mbili na uwashe wiki mbili, ukikwepa misimu ambayo mauzo hupanda au kushuka yenyewe. Anza na matangazo ya jina lako na yale yanayowafuata watu waliokwisha kutembelea tovuti. Hayo ndiyo hodari wa kujipa sifa ya mauzo yaliyokuwa yanakuja. Kuna hali moja ya kuyaacha yawake: mshindani akilipia jina lako ili aonekane juu yako.

Uwe mkweli na namba ndogo. Oda zikitoka tano kwa wiki hadi saba, hujapata jibu, umepata wiki mbili tofauti. Endelea hadi tofauti iwe kubwa kiasi cha kutohitaji kubishana nayo.

Tangazo linalopona jaribio hilo nalo huchoka. Utaona wastani wa mara ambazo mtu mmoja amelionyeshwa unapanda huku mibofyo ikishuka. Usiongeze dau. Rudi kwenye jedwali, ongeza ujumbe ishirini mpya, na usome safu ya kati. Mshonaji wetu alipofanya hivyo mara ya pili, hakuna aliyeuliza tena kuhusu mkanda. Walikuwa wanauliza zipu.